Seremala na Diski ya Breki

Panzi alikuwa na miaka ishirini na tatu. Asubuhi alifundisha watoto wa chekechea. Jioni alipanda baiskeli yake na kurukaruka nayo juu ya mawe, magogo na matairi ya lori. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Panzi. Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti tu.

Baiskeli yake haikuwa ya kwendea sokoni. Hata kiti haikuwa nacho. Ilitengenezwa kwa mchezo mmoja: kupita juu ya vikwazo bila kugusa chini kwa mguu. Mchezaji husimama juu ya gurudumu moja, hutulia, kisha huruka hadi kikwazo kinachofuata. Akigusa chini, anapewa alama mbaya.

Kwa mchezo kama huo, breki si ya kupunguza mwendo tu. Breki ni ya kushika. Ukiibana, gurudumu linatakiwa lisimame kimya kama limepigiliwa msumari.

Panzi alifanyia mazoezi uani, kwenye karakana ya baba yake. Baba alikuwa seremala. Alitengeneza milango, vitanda na makabati. Mama alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa barazani, ambapo aliweza kushona huku akimwangalia binti yake na kuguna.

Mashindano ya mji yalikuwa yamebaki wiki tatu. Washiriki walikuwa kumi na mmoja. Mwanamke alikuwa Panzi peke yake.

"Wewe ruka," Mama alimwambia. "Lakini ukiumia tena kama mwaka jana, hiyo baiskeli naitundika darini. Nitaanikia nguo juu yake."

"Sitaumia, Mama."

"Mwaka jana pia ulisema hivyo. Ukaenda kufundisha na pua kama nyanya."

Hilo lilikuwa kweli. Watoto wa chekechea walikuwa wamemzunguka na kumuuliza, "Mwalimu, na wewe ulikimbia kwenye ngazi?"

Siku moja Panzi alikuwa akifanya mazoezi. Kila alipobana breki, zilipiga kelele: kwiii! Baba aliacha randa yake. Alikuwa mtu asiyeweza kusikia kitu kikilia akakaa kimya. Mlango ukilia, aliutia mafuta. Kitanda kikilia, alikitia mafuta.

Panzi alipoingia ndani kunywa maji, Baba alichukua kichupa cha mafuta ya cherehani. Akainama. Akatia mafuta kwenye diski ya mbele. Akatia na kwenye diski ya nyuma. Diski, kwa wasioijua, ni kile kisahani chembamba cha chuma kilicho katikati ya gurudumu. Ukibana breki, pedi mbili hukishika kisahani hicho pande zote mbili, na gurudumu linasimama.

Baba akazungusha gurudumu, akabana breki. Kimya. Akatabasamu. "Ugonjwa umekwisha," akasema.

Panzi akarudi. Akapanda juu ya benchi la mbao. Akanyanyua gurudumu la mbele hewani, akabaki amesimama juu ya la nyuma. Akabana breki ya nyuma kwa kidole kimoja, kama kawaida yake.

Breki haikushika. Gurudumu liliteleza kwenda mbele, na Panzi akaenda nyuma. Alikaa kitako ndani ya beseni la gundi ya mbao. Beseni likapinduka. Panzi akabingirika hadi kwenye rundo la maranda.

Mama alisikia kishindo akatoka mbio. Alikuta kitu cha rangi ya kahawia, chenye manyoya ya mbao kuanzia kichwani hadi miguuni, kikijaribu kusimama.

"Mungu wangu! Baba Panzi, hiki ni nini?"

"Ni mwanao," Baba alijibu kwa sauti ndogo.

Panzi hakuumia. Lakini ilichukua ndoo tano za maji ya moto kumrudisha katika hali ya binadamu. Muda wote huo Baba alizunguka baiskeli akiikagua. Hakusema neno kuhusu mafuta. Kwa kweli, hakujua kama mafuta yalikuwa na kosa lolote.

"Nimeona tatizo," alisema mwishowe. "Hizi diski ni ndogo. Tazama! Kama visahani vya kikombe. Mtu mzima utamshikaje kwa kisahani cha kikombe?"

"Baba, tumuulize Mama Spoku," Panzi alisema.

Mama Spoku alikuwa fundi baiskeli. Banda lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, likitazamana na karakana. Alipata jina hilo kwa sababu alikuwa akichomeka spoku moja, ule waya wa gurudumu, kwenye nywele zake, ili asiipoteze.

"Tukaulize diski?" Baba alicheka. "Mimi nimeshika chuma na mbao miaka thelathini. Kitu kikishindwa kazi, unatafuta kikubwa zaidi. Basi."

Kesho yake alikwenda dukani akarudi na maboksi mawili. Ndani mlikuwa na diski kubwa kuliko zote zilizokuwapo dukani: milimita mia mbili na ishirini. Kila moja ilikuja na pedi zake mpya.

"Hiyo ni breki au sinia?" Mama aliuliza.

"Subiri uone kazi yake."

Kazi ilianza asubuhi. Diski ya nyuma haikuingia kabisa. Iligusa fremu ikakwama. Baba akaiweka kando, akasema ataifikiria baadaye. Ya mbele iliingia, lakini kalipa, kile kidude kinachobeba pedi, haikuifikia. Diski ilikuwa imeenda mbali, kalipa imebaki karibu. Mtu mwingine angesimama hapo akajiuliza. Baba alichukua kipande cha mbao ngumu, akakichonga, akakitoboa matundu, akakipiga msasa, akakipaka vanishi. Akakifunga kati ya kalipa na uma wa baiskeli, ile mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu la mbele.

Kilikuwa kipande kizuri sana. Kingeweza kuwekwa sebuleni.

"Baba," Panzi alisema taratibu, "hii ni breki ya mbao?"

"Breki ni ya chuma. Mbao inasaidia tu."

"Mimi siipandi."

"Na usipande!" Mama alipaza sauti kutoka barazani. "Aliyeitengeneza ndiye aipande."

Baba aliona heshima yake iko hatarini. Alikunja suruali. Akapanda. Akapiga pedali mara nne, akazunguka uani kwa madaha, akampungia mke wake mkono. Kisha akabana breki ya mbele kwa vidole vyote vinne.

Gurudumu la mbele lilisimama ghafla. Baba hakusimama. Ilisikika sauti ya mbao ikipasuka: kwaa! Baba alipita juu ya usukani kwa unyoofu kabisa, mikono mbele, kama mtu anayepiga mbizi. Rundo la maranda likampokea. Zilibaki nje ndala mbili tu.

Ng'ambo ya barabara mtu alipiga makofi. Alikuwa Mama Spoku, kikombe cha chai kikiwa miguuni pake. Alivuka barabara akaingia uani.

"Hodi humu! Jirani, upo?"

"Nipo," maranda yalijibu.

Panzi na Mama walimvuta Baba kwa miguu. Alikuwa mzima, ila alipiga chafya mara saba mfululizo.

"Shikamoo, mama," Panzi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nipe hiyo baiskeli niione."

Mama Spoku alichuchumaa. Aliokota kile kipande cha mbao kilichopasuka, akakigeuza geuza. "Vanishi nzuri," alisema. Kisha akagusa diski ya zamani iliyokuwa chini, akanusa kidole chake. "Nani ametia mafuta hapa?"

Mama alitazama kichupa chake cha mafuta ya cherehani juu ya benchi, akamtazama mumewe.

"Zilikuwa zinapiga kelele," Baba alisema.

"Acha zipige kelele, jirani! Breki ya mchezo huu hulia, hiyo ndiyo kawaida yake. Diski haitiwi mafuta, hata tone. Mafuta yanaingia kwenye pedi, na pedi ikishakunywa mafuta haishiki tena. Ni ya kutupa. Ndiyo maana mtoto aliteleza, nilimwona."

Panzi alimgeukia baba yake. "Kwa hiyo ile gundi..."

"Tusikilize fundi," Baba alisema haraka.

"Kwa hiyo diski zangu zilikuwa sawa?" Panzi alimuuliza Mama Spoku.

"Ya nyuma ni sawa. Ya mbele, hapo baba yako alikuwa na chembe ya ukweli."

Baba aliinua kichwa. Maranda yalidondoka kwenye nyusi zake.

"Jirani," Mama Spoku akamwambia, "wewe unatengeneza milango. Kitasa unakiweka wapi? Karibu na bawaba au mbali nazo?"

"Mbali, bila shaka. Ukikiweka karibu na bawaba, mlango unakuwa mzito kufungua."

"Umeshaelewa habari ya diski. Katikati ya gurudumu ndiyo bawaba. Pedi ndiyo mkono wako. Diski ikiwa kubwa, pedi inashika mbali na katikati, basi inalizuia gurudumu kwa nguvu ndogo. Diski ikiwa ndogo, pedi inashika karibu na katikati, na kidole chako kinapata shida."

"Si ndivyo nilivyosema? Kubwa!"

"Ngoja. Mlango wa futi nne unaingia kwenye fremu ya futi tatu?"

Baba akajipangusa nyusi.

"Hauingii," Mama alimjibia.

"Na huu uma nao una kipimo chake. Njoo usome." Mama Spoku alifuta vumbi kwa kanga yake kuukuu. Kwenye chuma palikuwa na maandishi madogo. Baba aliinama, akafinya macho, akasoma: mwisho milimita mia na themanini.

"Waliotengeneza uma wamesema usizidishe hapo. Ukizidisha, unaweza kupinda au kuvunjika. Tena diski kubwa mno inatokeza pembeni. Panzi anaruka juu ya mawe. Jiwe likiigonga, itapinda, na diski iliyopinda inakwaruza pedi kila mzunguko."

"Sasa achague ngapi?" Mama aliuliza.

"Anaanza na gurudumu. Baiskeli ndogo ya mchezo huu, ya inchi ishirini, diski ya mia na sitini mbele na nyuma huwatosha watu wengi. Hii ya Panzi ni ya inchi ishirini na sita. Gurudumu kubwa lina nguvu ya kuishinda breki. Na anapotua kwa gurudumu la mbele, uzito wake wote unaangukia hapo. Kwa hiyo mbele, mia na themanini. Nyuma abaki na mia na sitini yake, isiyogonga mawe ovyo."

"Na kalipa ikiwa haifiki?" Panzi aliuliza.

"Unanunua adapta, kile kipande cha kuisogeza kalipa, ya chuma na ya kipimo hicho hicho. Ya chuma, jirani."

Mama alicheka hadi akashika nguzo ya baraza. "Mganga hajigangi! Mtu anapima kila mbao ya mteja, ya mwanawe anakisia!"

Baba hakukasirika. Alijipangusa, akachukua zile diski mbili kubwa, akazirudisha dukani yeye mwenyewe. Moja ilipokelewa, kwa kuwa haikutumika. Nyingine Mama Spoku aliifanya kengele ya banda lake. Mteja akija, anaigonga kwa spana.

Jioni hiyo walifanya kazi wote. Panzi alisafisha diski ya nyuma kwa spiriti na kitambaa safi, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Mama Spoku alifunga diski ya mia na themanini mbele, pamoja na adapta yake. Waliweka pedi mpya pande zote. Baba alipewa kazi ya kushika tochi na kukaa mbali na mafuta.

"Usiruke leo," Mama Spoku aliagiza. "Pedi mpya hazijazoeana na diski. Endesha polepole, bana, achia. Fanya hivyo mara thelathini."

Panzi alifanya mara thelathini. Baba alihesabu kwa sauti. Mara ya ishirini na mbili breki zikaanza kulia: kwiii! Mkono wa Baba ulicheza. Mama akachukua kichupa chake cha mafuta, akakitia ndani ya blauzi.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Mama alikuwa ameapa kwamba hataangalia. Aliketi mstari wa mbele.

Kikwazo kigumu kilikuwa bomba la zege lililolala juu ya mawe. Watu sita walikuwa wamegusa chini hapo. Panzi aliruka akalipanda bomba kwa gurudumu la nyuma. Akabana. Gurudumu likatulia. Kisha akajirusha ng'ambo, juu ya jiwe lisilozidi upana wa meza ya chakula. Alitua kwa gurudumu la mbele peke yake. La nyuma lilikuwa hewani, karibu juu ya kichwa chake.

Kidole chake kimoja kilikuwa kwenye breki. Gurudumu halikusogea. Akabaki hivyo, kichwa chini. Kisha akashusha gurudumu la nyuma polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

Watoto wa chekechea walipiga kelele, "Mwalimu! Mwalimu!" Mama alikuwa amesimama juu ya benchi na hakujua alipandaje.

Panzi alikuwa wa tatu kati ya kumi na mmoja, na pua yake ilikuwa nzima.

Watu walipokuwa wakimpongeza, mwanamume mmoja alimvuta Baba pembeni. Alikuwa na baiskeli ya kuruka, mpya, bado ina karatasi za dukani.

"Mzee, nasikia wewe ndiye ulitengeneza breki za yule binti. Na mimi nataka kumpa mke wangu breki za nguvu. Niambie, diski kubwa kuliko zote inauzwa duka gani?"

Baba alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyekwisha kuonja maranda.

"Gurudumu lako inchi ngapi?"

"Sijui."

"Uma wako mwisho ngapi?"

"Unaandikwa wapi huo mwisho?"

"Basi bado hujafikia habari ya duka," Baba alisema. Akamshika mkono. "Inama."

Na katikati ya shangwe, watu wakipita huku na huku, wanaume wawili wazima wakainama kwenye gurudumu la mbele, macho wameyafinya, wakisoma.