Wimbo Alioumaliza Bila Kusimama

"Imba basi ule wetu, Michio. Leo si ndiyo siku yetu?"

Bi Sumie alisema hivyo huku anacheka. Miaka sitini na minane, mjane, mdomo ameupaka rangi kama msichana. Ilikuwa saa nane mchana, na ule mgahawa wa kuimba pale mjini Ueda, Japani, ulikuwa umejaa wazee wenzake, kila mtu na kitabu chake cha nyimbo za ujana wao, zile za gitaa na majonzi za miaka ya sabini. Mbele yao kakaa Michio, mpenzi wake aliyekwenda Tokyo mwaka 1974 asirudi. Miezi mitatu iliyopita alimtafuta Sumie kwenye Facebook, kwenye ukurasa wa wapenda nyimbo za zamani.

Ndani ya mkoba wa gitaa la Michio kulikuwa na fomu ya ndoa. Sumie alishasaini na kugonga muhuri wake. Upande wa mume ulikuwa mtupu. "Wangu nitaujaza mwenyewe," Michio alisema, naye Sumie akakubali. Jamani! Na fomu ile, mmoja akishaifikisha ofisi ya mji, mmeoana, hata mwenzake awe amelala kwake. Michio alitaka kuipeleka tangu Jumatatu. Sumie ndiye aliyesema wangoje leo, Alhamisi, maana kalenda ilionyesha ni siku ya heri.

"Bwana harusi, usituchoshe!" akapaza sauti Mama Tokie, mwenye mgahawa. "Ukikosea nyuzi, harusi inavunjika!"

"Nikikosea, nioshe vyombo vyote!"

Watu wakaangua kicheko. Michio akaimba. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, akapita, akateremka nao mpaka mwisho bila kusimama. Makofi yakalia.

Sumie hakupiga makofi.

Enzi zile, ukitaka wimbo wa redioni, unaweka kinasa sauti mbele ya spika na nyumba nzima inanyamaza. Sumie na Michio waliunasa wimbo ule hivyo hivyo, na katikati ya ubeti wa pili mama yake Sumie akapiga ukelele jikoni: "Sumie, supu inapoa!" Ikaingia kwenye kanda. Waliisikiliza mpaka ikachakaa. Tangu hapo Michio hakuweza kuuimba wimbo ule bila kusimama pale na kupiga ukelele ule, hata mbele ya watu.

"Michio," akasema polepole, "hujasahau kitu?"

"Kitu gani, mpenzi?"

"Pale kwenye ubeti wa pili. Ulikuwa unasimama."

Michio akamtazama kidogo, kisha akatabasamu. "Aa! Nilikuwa nasimama nikubusu! Unataka niseme mbele ya watu?"

"Wee mzee, haya huna!" Mama Tokie akacheka hadi machozi.

"Na mama yangu unamkumbuka?"

"Nitamsahauje? Alinipenda kama mwanawe wa kumzaa."

Mama yake alimfukuza Michio na ufagio wa mianzi, mara mbili.

Aliyoyajua mtu huyu yote, jina la mto, rangi ya koti, siku ya treni, Sumie mwenyewe aliyaandika kwenye ukurasa ule. Habari za mama yake hakuwahi kuziandika.

"Naenda msalani mara moja," akasema.

Akajifungia. Akamwandikia bintiye, Kanae, ambaye walikuwa wamenuniana mwezi mzima kwa sababu ya mwanamume huyu.

"Kanae, huyu si Michio. Fomu anayo."

Jibu likaja pale pale: "Mama toka hapo SASA. Nenda ofisi ya mji, waambie unazuia ndoa yako. Wana fomu ya kuzuia. Akikuwahi ni mumeo, na nyumba ya baba anairithi ukifa."

Ukifa. Sumie akalisoma neno hilo mara tatu.

Akatokea mlango wa jikoni, viatu mkononi, akasimamisha teksi. Simu ikalia ujumbe.

"Umepotelea wapi, mpenzi?"

Kisha mwingine: "Basi natangulia ofisini. Siku ya heri tusiipoteze."

"Baba, kimbiza," akamwambia dereva.

"Mama, taa nyekundu hiyo."

"Naiona! Ikibadilika tu, kimbiza!"

Ofisini akachukua namba ya foleni: arobaini na moja. Wakaita thelathini na tisa. Wakaita arobaini. Mlango ukafunguka nyuma yake na Sumie hakugeuka, lakini harufu ya mafuta ya nywele ya mtu yule aliijua.

"Umenitangulia?" sauti ikamnong'oneza sikioni. "Bibi harusi una haraka."

"Arobaini na moja!"

Sumie akaenda dirishani. "Binti, nataka kuzuia ndoa."

"Ya nani, mama?"

"Yangu."

Binti wa dirishani hakuuliza zaidi. Akampa karatasi, akaomba kitambulisho. Sumie akaandika herufi zinazoyumba kama za mtoto. Mwanamume akaja kusimama ubavuni, akaitandaza fomu yake mezani.

"Mchumba wangu kazeeka, anachanganyikiwa," akasema kwa upole. "Pokea hii kwanza."

Binti akavuta kwanza karatasi ya Sumie, akaigonga muhuri. Kisha akasoma ile nyingine. "Mume, Yoshinobu Takase. Mama, unamfahamu bwana huyu?"

Sumie akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza bila miaka ile hamsini katikati yao. Macho yalikuwa hayana kitu.

"Simjui."

Mwanamume akainyakua fomu yake, akatoka bila kukimbia.

Kanae alifika na aproni ya kazini. Hakugomba. Alimshika mama yake mabega.

"Mama, leo unalala kwangu."

"Leo tu?"

"Mpaka uchoke kunisikia nikikoroma."

Mpaka leo simu ikilia, Sumie hushtuka kwanza ndipo aitazame. Jina la Michio wa kweli halitafuti tena. Wanawake wenzangu, mnaomwaga ujana wenu mtandaoni kwa watu msiowaona, bakizeni japo kumbukumbu moja msiyomwandikia mtu. Na fomu yenye nafasi tupu msiisaini, hata kama anayeileta anaimba vizuri namna gani.