Tokie Ajifunza Kuita Msaada kwa Redio

Tokie na mumewe Masakazu walikuwa wakata miti katika milima ya Yoshino. Asubuhi Tokie alifinyanga matonge ya wali na kuyafunga kwa mwani. Masakazu alinoa minyororo ya misumeno. Kisha kila mmoja alipachika redio ya upepo kiunoni, wakapanda mlima. Huko juu simu hazishiki mtandao.

Vuli iliyopita Kihachi, kaka yake Masakazu, aliangukiwa na tawi la mwerezi. Aliita kwa redio. Wenzake walikuwa kwenye chaneli ileile, wakibishana juu ya lori lililokwama. Walisikia sauti dhaifu, wasijue ni ya nani. Walipomfikia, alikuwa ameshakata roho.

Siku moja jirani yao Mizue, wa kikosi cha zimamoto cha kijiji, alikuja nyumbani kwao kumfukizia marehemu Kihachi ubani, kama ilivyo desturi yao. Alipomaliza kuomba, aliiona redio ya Tokie.

"Jirani, umeweka majina ya watu humu?"

"Majina ya nini? Mimi nabonyeza, naongea."

"Na hiki kitufe cha rangi ya chungwa?"

"Sikigusi hicho! Nitaiharibu bure."

"Huyo hata rimoti ya televisheni anaiogopa," alisema Masakazu.

"Haya, wewe mjuzi, ulishakibonyeza?"

Masakazu akaichukua redio yake, akaanza kukitafuta kitufe hicho.

Mizue akaketi. "Kila redio ina namba yake, kama simu. Tunaingiza namba ya kila mtu pamoja na jina lake. Akiita, jina linatokea kwenye kioo. Ukitaka kusema na mumeo tu, chagua jina lake, umwite peke yake. Habari za lori zibaki kwa wenye lori."

"Na kitufe?"

"Hakifanyi kazi mpaka kipangwe. Tutakipanga kiite kundi zima, na sisi wa zimamoto pia. Ukiumia, kishikilie mpaka redio ilie. Zote zitalia, na jina lako litaonekana. Kisha sema uko wapi na umepatwa na nini."

"Nikikibonyeza kwa bahati mbaya?"

"Sema upesi kwamba ni makosa. Usione haya."

Walizikusanya redio za wenzao, wakazipanga zote. Tokie akaenda nyuma ya nyumba kujaribu. Mezani redio zikalia kwa pamoja. Masakazu alilitazama jina la mkewe kwenye kioo.

"Kaka naye tungemjua kuwa ndiye anayeita," alisema taratibu.

Theluji ilipoyeyuka, kazi ikaanza tena. Mchana mmoja gogo liliteleza kwenye tope, likambana Tokie mguu. Pumzi zilimkatika. Hakuweza kupiga kelele. Alipapasa kiuno, akakishikilia kitufe. Redio ikalia.

"Kijitoni... chini ya daraja," alisema. "Mguu."

Mara kelele zote kwenye chaneli zikakoma. Masakazu alikuwa wa kwanza kufika. Mizue na wenzake wakaja na machela.

Mfupa ulikuwa umevunjika, lakini uliunga.

"Nilianza kukimbia kabla hujasema neno," Masakazu alimwambia hospitalini. "Nililiona jina lako."

Tokie akamshika mkono. Wote wawili wakalia.

Siku hizi wakata miti wa bonde lile hawawashi misumeno kabla ya kuzijaribu redio zao. Kila mmoja huita, na hungoja mpaka aitikiwe.