Jina Lililobaki Kwenye Katalogi

Kila siku baada ya kengele ya mwisho, Onalenna alinunua magwinya mawili ya moto, maandazi ya kukaangwa, kwa mama muuzaji wa langoni mwa shule, akayala akielekea chumba cha kompyuta. Zamani moja lilikuwa la kaka yake, Mothusi. Lakini masika yaliyopita malaria ilimchukua Mothusi, ikaacha nyumba yao ya mjini Maun imepooza. Mama akisalimiwa aliitikia, ila macho yake yalibaki kwenye kitanda kitupu.

Mothusi alikuwa ameunda programu ya kutunza habari za ng'ombe wa babu: majina yao, rangi, mama zao na alama za masikioni. Baada ya mazishi, Onalenna aliifungua, akafuta jina la kaka yake kwenye ukurasa wa kwanza na kuandika lake. Mma Ntsima, mwalimu mgeni, aliisifu sana akaichagua ioneshwe siku ya wazazi. Onalenna alijua kabisa kuwa ule ni wizi. Moyo ulimsuta, lakini aliliacha jina lake pale pale.

Siku ya wazazi mama alikuja na nguo zake nyeusi za msiba, akaketi mstari wa mbele. Onalenna alipoendesha programu na majina ya ng'ombe kujipanga ukutani kwenye mwanga wa projekta, watu walipiga makofi. Mama akamtazama usoni, akatabasamu. Onalenna alitamani dakika ile isiishe.

"Sasa tuoneshe ilivyojengwa," alisema Mma Ntsima. "Nani atawaeleza wazazi katalogi ni nini?"

Katlego, mcheshi wa darasa, akadakia. "Ni mahali hifadhidata inapojiandikia habari zake yenyewe, Mma! Ina majedwali gani, yana safu gani, na nani aliyeyaunda. Ina kumbukumbu kumshinda bibi yangu!"

Watu wakacheka. "Haya, Onalenna," mwalimu akasema, "pachika sentensi ya SQL, ile lugha ya kuulizia hifadhidata, ndani ya programu yako, uiulize katalogi."

Onalenna aligeukia kompyuta. Alikuwa amebadilisha ukurasa wa kwanza tu. Katalogi hakuikumbuka kabisa. Aliandika polepole, mwalimu akiwa amesimama begani kwake, kisha akabonyeza. Ukutani pakatokea: Jedwali, ng'ombe. Aliyeunda, Mothusi.

"Ee! Njia ya mwongo fupi!" Katlego akapayuka. Kisha akakumbuka Mothusi ni nani, akainamisha kichwa.

Tangu mazishi, mama hakuwahi kulitamka jina lile. Alisimama, akalisoma kwa sauti. "Mothusi." Akarudia, "Mothusi wangu," halafu akaketi, akalia mbele za watu.

Onalenna alimkimbilia. "Nisamehe, mama. Yote ni yake. Mimi nilifuta jina lake."

"Kwa nini, mwanangu? Si ulimpenda sana?"

"Nampenda mpaka leo! Lakini tangu afe hunitazami. Nilidhani nikiwa kama yeye, utaniona na mimi."

Mma Ntsima alijifuta macho kwa kiganja. "Lile swali la katalogi umeliandika wewe, sote tumeona," alisema kwa upole. "Hilo ni lako. Mengine mrudishie mwenyewe."

Onalenna alirudisha jina la kaka yake kwenye ukurasa wa kwanza. Chini yake aliandika lake, akieleza kuwa ni kwa lile swali moja tu.

Mama akampakata, ingawa alikuwa msichana mkubwa. "Kazi ya mtu haiibiwi, hata mwenyewe akiwa kaburini," alimwambia. "Ukiipenda, iendeleze na umtaje. Lakini na mimi nimekosa. Uchungu ulinifumba macho nikasahau kwamba nilizaa wawili. Siku nyingine ukitaka nikuone, usiibe, mwanangu. Nishike mkono tu."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima walimtaja Mothusi, wakilia wote wawili, na mama hakuuachia mkono wa binti yake.