Fundi Alivyoipima Fizikia ya Mkewe

"Huyu Dada wa Mionzi ni nani?"

Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji ya mteja, tochi mdomoni, mikono yote miwili ndani ya nyaya. Mkewe alisimama mlangoni mwa karakana, mtoto wao Kidosho ubavuni, simu ya mumewe mkononi.

"Nani?" Fundi aliuliza kwa taabu, tochi ikimzuia ulimi.

"Ninayeuliza ni mimi." Akaisogeza simu karibu na macho, akasoma polepole: "'Nimefurahi sana kuongea nawe leo. Mkeo ana bahati. Utamwambia lini?'" Akaishusha. "Haya, mume wangu. Niambie leo."

Fundi akaitoa tochi mdomoni. Yeye ambaye hakosi mzaha hata msibani, alimtazama mkewe, akamtazama mtoto, kisha akaitazama friji kama vile ingemsaidia kujibu.

Mambo yalianzia kwenye habari njema. Tangu mimba ya Kidosho, huyu mama alikuwa akihudhuria masomo ya jioni, daftari mkoba mmoja na nepi. Huko ndiko alikoipenda fizikia. Siku mwalimu alipoeleza kwamba friji haitengenezi baridi, bali inatoa joto ndani na kulitupa nje, alirudi nyumbani mbio kumweleza mumewe. Fundi akacheka mpaka akakaa chini, akasema kumbe miaka yote hii yeye ni mfukuza joto na hakuna aliyemwambia. Kuanzia hapo akamwita mkewe Bi Maswali.

Sasa chuo kikuu kilikuwa kimempokea kusoma shahada ya fizikia, na mwisho wa kuthibitisha nafasi ulikuwa Ijumaa. Wifi yake, dada wa Fundi, alizipokea habari hizo akiwa na kikombe cha chai mkononi, na hakumficha maoni yake.

"Wifi, uuguzi una ajira. Uhasibu una ajira. Hiyo fizikia utaipeleka soko gani? Utakaa barabarani unapima mwendo wa pikipiki?"

Wote walicheka, na Bi Maswali naye alicheka. Machozi aliyamalizia kwenye kuosha vyombo. Alipomuuliza mumewe anaonaje, Fundi alijibu neno moja tu: tutaona. Na leo, ndani ya simu ya mumewe, Bi Maswali alikuwa ameuona ujumbe huu.

"Ni mfizikia," Fundi alisema hatimaye. "Yuko hospitali kubwa. Anakagua mashine za mionzi za kutibia saratani asubuhi, kabla wagonjwa hawajaingia. Nilikwenda kutengeneza friji ya maabara, nikaona mlango umeandikwa fizikia. Nikabisha."

"Ukabisha ukasema nini?"

"Nikamuuliza kama kitu hicho kinalipa."

Bi Maswali alitaka kununa, mdomo ukamsaliti. Alimpakata Kidosho, akakaa juu ya kreti la soda. Mumewe akaanza kumwaga yote. Hakuishia kwa dada yule. Alikuwa ameuliza mtaa mzima nani anamjua mtu aliyesoma fizikia, na kila aliyetajiwa alimfuata. Mmoja anafundisha sekondari, anapumua kimaisha. Mwingine yuko benki, anasema fizikia yenyewe hajaigusa tangu ahitimu, ila hesabu zake ndizo zilizombeba.

"Na mmoja," alisema, akikwaruza grisi kwenye ukucha, "anauza simu. Shahada anayo, nzuri tu. Huyo ndiye aliyenifunga mdomo."

"Kwa hiyo ulinyamaza."

"Ningekwambiaje? Furaha ilikuwa inakunyima usingizi."

Wateja wote waliijua tabia yake. Hamwambii mtu ugonjwa wa friji yake mpaka aifungue, aikague, na akikuta jambo zito, kwanza anazunguka kutafuta kipuri, ili habari mbaya na dawa yake vifike pamoja. Ndivyo alivyofanya na nyumbani kwake. Alikuwa ameshaanza kutafuta mtu wa kununua pikapu yake ya kazi, ili atakapomwambia mkewe kwamba njia ni ngumu, amwambie pia kwamba ada ipo.

Bi Maswali alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi si friji, mume wangu. Huwezi kunizima kwanza ndio unifungue."

Fundi akainamisha kichwa.

"Huyo muuza simu," mkewe aliendelea, sauti imelainika, "anajuta kusoma?"

"Sikumuuliza hilo."

"Mimi ndilo ningeanza nalo. Mpigie dada yako wa mionzi. Weka sauti nisikie."

Simu iliita, na dada yule aliposikia ni mke mwenyewe anaongea, alicheka, akaomba radhi kwa ujumbe wake uliokaa vibaya. Kisha akaongea bila kupaka sukari. Shahada ya kwanza peke yake haikumfikisha hospitali. Alifundisha kwanza, akarudi kusoma zaidi, na nafasi zenyewe ni chache. Kama shida ni kupata kazi haraka, alisema, yule wifi ambaye Fundi alimsimulia hajakosea.

"Na wewe hukuacha kwa nini?" Bi Maswali aliuliza.

Upande wa pili kiti kilisikika kikisogezwa.

"Kila siku kuna mtu anajilaza chini ya ile mashine. Hanijui, hatanijua. Lakini mimi najua kipimo chake kiko sawa. Hilo, mdogo wangu, bado halijanichosha."

Simu ilipokatika waliongea kwa mara ya kwanza tangu barua ya chuo ifike, yaani kuongea kweli. Pikapu haiuzwi, Bi Maswali alisema, au friji utazibeba mgongoni? Atabadilisha kidogo: atasoma fizikia pamoja na ualimu, ili akitoka awe na pa kushika wakati anatafuta pa juu zaidi. Kitakachosubiri ni nyumba waliyokusudia kujenga, maana pesa yake ndiyo itakuwa ada. Kiwanja chao kitaendelea kuota majani, na watabaki kwenye vyumba viwili vya kupanga. Ile nyumba Fundi alikuwa akiichora kichwani tangu ujana. Hata hivyo akaitikia kwa kichwa.

Chuo kilikubali badiliko hilo. Wifi aliposikia, alilalamika weee, akamaliza kwa kusema Kidosho aachwe kwake siku za masomo, asije akakulia kwenye nyaya.

Ijumaa wakakaa juu ya kitanda, simu katikati yao. Kidole cha Bi Maswali kilining'inia juu ya neno Thibitisha, kikagoma kushuka.

"Na isipolipa?" aliuliza.

Fundi alimsogelea.

"Basi nitakuwa nimekula hasara na mtu ninayempenda. Hasara zangu zote za nyuma nilizila peke yangu."

Bi Maswali akabonyeza. Machozi yakamtoka, na mumewe akamfuta kwa mkono uliotoka kazini, akamwachia mstari mweusi wa grisi shavuni. Alipokwenda kumchukua mtoto, wifi yake alimtazama usoni, akamuuliza huo weusi ni wa nini.

"Wa mume wangu," alisema, na hakuufuta.