Mtu Mzima Hasemi "Sijaelewa"

Kila Jumamosi asubuhi Binti Fundi alifungua chumba cha nyuma, akafuta vumbi kwenye vyerehani vya marehemu mama yake. Chumba kilinukia mafuta ya mashine, kama zamani. Alipokuwa mdogo alikuwa akijilaza chini ya meza ya kukatia nguo, akiwasikiliza wanafunzi wa mama wakitaniana. Watu wazima walicheka kama watoto! Kicheko kile bado alikitamani.

Sasa mafunzo yalikuwa yake, nayo yalikuwa kimya.

Kazi aliijua. Alichora mkono wa shati ubaoni, akaeleza harakaharaka, kisha akauliza, "Mmeelewa?"

"Tumeelewa, mwalimu!" wote wakaitikia.

Punde si punde, dereva mstaafu akashona mkono wa shati nje ndani. Binti Fundi akampokonya.

"Si mmesema mmeelewa? Lete nikufanyie!"

Akafumua, akashona, akamrudishia. Dereva akainamisha macho. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wengine nao wakaanza kutoweka mmoja mmoja, mpaka wakabaki wawili.

"Darasa la mama linanifia mikononi," Binti Fundi alimlalamikia jirani yake, Mama Mkate. Mwoka mikate huyo alifundishwa kushona na marehemu mama wa Binti Fundi. "Watu wenyewe wavivu!"

Mama Mkate aliendelea kukanda unga. "Mwanangu, ulimi wako una mbio kuliko cherehani. Ukimuuliza mtu mzima kama ameelewa, mbele ya jirani zake, atakujibu nini? Atasema ndiyo. Aibu ni nzito."

"Kwani mama alikuwa anaulizaje?"

"Wala hakuuliza. Alionyesha jambo moja tu, polepole. Kisha anakaa kwenye kiti chetu, anasema, 'Haya, mwanafunzi sasa ni mimi. Nifundisheni.' Hapo ndipo alipojua nani kaelewa. Ukikosea, anakuuliza, 'Wewe unaonaje?' Halafu ananyamaza. Mimi nilishona mfuko juu chini, mama yako katulia tuli, mikono kaikalia!"

Wakacheka. Binti Fundi akamwona mama yake akilini, akiwa amekaa vilevile, na macho yakamlowa.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa dereva.

"Baba, nisamehe. Nilikuvunjia heshima. Tafadhali rudi."

"Nimeendesha malori, mwanangu, sindano haiwezi kunishinda. Lakini kupokonywa kazi mbele za watu? Hapana."

"Sitakupokonya tena."

Jumamosi dereva alikuja, akaketi karibu na mlango. Binti Fundi alionyesha hatua moja tu, polepole. Kisha akavuta kiti kando yake.

"Haya baba, nifundishe mimi."

Dereva akaanza. Akakosea palepale. Vidole vya Binti Fundi vikamwasha, akavikalia.

"Wewe unaonaje?" akauliza, akanyamaza.

Wale wawili wakanyoosha shingo. Dereva aliligeuza shati huku, akaligeuza kule.

"Ngojeni," akasema. "Gari hili nimeliegesha likiangalia nyuma!"

Chumba kizima kikaangua kicheko, yeye wa kwanza. Akafumua mwenyewe, akashona upya, taratibu. Safari hii mkono ukakaa sawa.

Habari zikaenea. Wiki baada ya wiki waliotoroka wakarejea, wakafundishana, wakakosoana, wakataniana.

Jumamosi moja Binti Fundi alisimama mlangoni. "Jamani, muda umekwisha!"

Dereva hakuinua hata kichwa. "Nenda kapumzike, mwalimu. Ufunguo tuachie sisi."