Pedi ya Ndani

"Feki hii!" Ardasher alisema kwa sauti, na nusu ya soko la spea la Dushanbe ikageuka kutazama.

Msichana aliyekuwa nyuma ya meza alivaa gauni la atlasi la mistari ya kijani na njano, kitambaa amekifunga kisogoni, kucha zimejaa vumbi jeusi la breki. Aliikwaruza ile pedi ya breki kwa ufunguo, akamsogezea puani.

"Nusa. Feki inanuka gundi. Hii inanuka nini?"

"Inanuka marashi."

"Hayo ni yangu. Lipa au ondoka, kaka, unanizibia wateja."

Alilipa. Kesho yake akarudi kununua pedi asizozihitaji, na keshokutwa tena, mpaka majirani wa msichana huyo, Mavzuna, wakawa wanakohoa kila wakimwona fundi huyo wa gereji anakuja amechana nywele. Milozi ilipochanua walikuwa wakiitana roho yangu kwenye simu. Matunda ya tuti yalipoanza kuiva, wazee wa Ardasher walishapangiwa kuja Ijumaa kufunga posa. Neno la mwisho lilikuwa la Nozim, kaka mkubwa wa Mavzuna, aliyeshika nafasi ya baba yao marehemu. Nozim alikuwa dereva wa teksi, Opel kuukuu, akivuka milima kila siku kwenda Khujand. Pedi zake za mbele aliuziwa na dada yake, zikafungwa na shemeji mtarajiwa. Mambo yalikuwa matamu kweli, hadi Jumatano ile.

"Ardasher, uko wapi?" Mavzuna aliuliza simuni.

"Gereji, roho yangu. Vipi?"

"Usiniite roho yangu. Kaka nusura afe!"

Opel ilikuwa ikiteremka bonde la Varzob. Nozim alikanyaga breki, gari likavutwa kushoto, usoni mwa lori la makaa ya mawe. Dereva wa lori ndiye aliyewakwepa. Abiria wote walishuka wakakataa kupanda tena.

"Anasema ama pedi zangu ni feki, ama mkono wako ni mbovu," Mavzuna aliendelea. "Gari linavutwa kuja kwako, naye anafuata. Asipopata jibu la kweli leo, Ijumaa hakuna."

Mavzuna alifika pamoja na gari. Hawakusalimiana. Ardasher alipiga jeki, akafungua gurudumu la kushoto. Pedi ya ndani na ya nje zilikuwa zimelika sawasawa. Akahamia la kulia. Kalipa, kile chuma kinachobana pedi, iligoma, akaigonga kwa nyundo mpaka ikatoka. Mavzuna alizitwaa pedi mbili. Ya nje ilikuwa karibu mpya. Ya ndani ilikuwa imebaki chuma kitupu.

"Zimetoka pakiti moja," alisema. "Kama ni feki, mbona moja ni nzima?"

"Sijasema ni feki."

"Uso wako umesema."

"Uso wangu unafikiri, Mavzuna. Niache nifikiri."

Alijaribu kuitelezesha kalipa kwenye pini zake. Haikusogea. Kalipa ikiganda hivyo, pistoni huisukuma pedi ya ndani peke yake, ya nje inabaki kutazama tu. Akaichomoa pini moja kwa koleo. Mpira wake ulikuwa umevimba, na juu yake kulikuwa na grisi nyeusi. Mavzuna aliijua. Pini ya breki inataka grisi ya silikoni. Hii ya kawaida huvimbisha mpira.

"Nani alipaka hii?"

Ardasher aliigeuza pini mkononi.

"Ardasher. Nani alipaka?"

"Ya silikoni iliishia gurudumu la kushoto. Nilitaka kwenda kununua nyingine." Aliiweka pini chini. "Ukapiga simu. Ukasema mama ameenda kwa jirani, chai iko tayari, njoo upesi. Nikachota iliyokuwepo."

Mavzuna aliikumbuka chai ile, na jinsi walivyocheka. Alitupia jicho mlango wa gereji.

"Sikiliza," alinong'ona. "Tutasema pedi ni feki. Soko limejaa feki, nani atabisha? Kaka atanigombeza, atasahau, mimi ni damu yake. Wewe hatakusamehe."

"Na hii ya nje? Kaka yako si kipofu."

"Itupe! Unataka kunikosa kwa ajili ya grisi?"

Pipa la vyuma chakavu lilikuwa pale pale karibu. Ardasher alilitazama, na usimcheke, hata wewe ungelitazama. Alimpenda msichana yule kuliko jina lake la ufundi.

"Haya. Nani?" Nozim alikuwa mlangoni, shati limelowa jasho.

"Kaka, zile pedi..." Mavzuna alianza.

"Ni mimi," Ardasher alimkatiza. "Pedi ni nzima, kaka Nozim. Nilipaka grisi isiyofaa, nikijua haifai. Nilikuwa na haraka."

Nozim alimkwida ukosi. "Nilibeba mama za watu humo! Ungesema ni pedi, ningeamini."

"Ndiyo maana nimesema ukweli."

Mkono wa Nozim ulilegea. "Tengeneza. Mbele yangu."

Ardasher aliosha pini zikang'aa, akaweka mipira mipya, akapaka silikoni, akairudisha pistoni kuona kama haigomi. Mavzuna alikimbilia sokoni kuleta pedi mpya za magurudumu yote mawili. Mwisho kalipa iliteleza kwa kusukumwa na kidole.

"Utaendesha wewe," Nozim alisema. "Kule kule Varzob."

Mavzuna akafungua mlango wa nyuma, akaingia.

"Wewe shuka."

"Sishuki, kaka. Mkizama mtoni nyote wawili, mimi nibaki na nani?"

Walipanda bonde, wakageuza, wakaanza kuteremka. Mto ulinguruma chini yao.

"Kanyaga," Nozim aliamuru. Gari likasimama limenyooka. "Tena. Sasa achia usukani, ukanyage."

Mavzuna alifumba macho. Ardasher aliinua mikono, akakanyaga. Gari lilisimama katikati ya njia yake, halikuyumba.

Nozim alishuka, akasogeza kiganja karibu na gurudumu moja la mbele, kisha la pili. Joto lilikuwa moja; breki zote zilishika sawasawa. Alisimama akiutazama mto; Ardasher naye akashuka.

Ndipo Mavzuna akashuka, akamshika Ardasher mkono, wenye grisi vile vile, mbele ya kaka yake. Kwetu msichana ambaye posa yake haijafungwa hafanyi hivyo; nimeona watu wakizabwa vibao kwa jambo dogo kuliko hilo. Mavzuna hakuuachia.

"Niadhibu na mimi, kaka. Ile haraka yake niliileta mimi. Nilimpigia simu aje tunywe chai mama hayupo."

Nozim aliutazama mkono ule, kisha akamtazama dada yake usoni.

"Ijumaa wazee wake waje mapema," alisema. "Jioni nina abiria wa Khujand, na gari hili atalikagua yeye kabla sijaondoka."