Ukuta wa Ukumbi Unatoka Jasho

Maneno yalinifikia nikiwa naanika nguo. Aliyeyaleta ni jirani yangu, fundi cherehani. Aliegemea uzio, akashusha sauti kana kwamba shuka zangu zina masikio.

"Mama Chiriku, umesikia? Kamati imekula simenti ya ukumbi."

"Imekula vipi?"

"Wamepiga plasta ya mchanga mtupu. Ndiyo maana ukuta unatoka jasho."

"Wewe mdomo wako una mbio kuliko cherehani yako," nikamwambia, tukacheka.

Lakini alipoondoka, yale maneno hayakuondoka naye. Nilichota maji, yakanifuata. Nilimenya vitunguu, yakanikalia kichwani. Mwanangu wa mwisho, tunayemwita Chiriku kwa sababu hanyamazi, anasoma chekechea humo ukumbini. Na benchi lake limeegemea ukuta huohuo.

Ukumbi wetu ni wa zamani. Ulijengwa kwa mawe na chokaa kabla bibi yangu hajazaliwa. Mikutano ya mtaa hufanyika humo, na chanjo, na harusi, na vikao vya misiba. Kuta zilipoanza kumomonyoka, halmashauri ilitupa fedha kutoka mfuko wa kuhifadhi majengo ya kale. Wakazi tukachagua kamati ya kusimamia kazi. Mwenyekiti wake ni kinyozi wa pale kona.

Jioni nilimweleza mume wangu, ambaye ni fundi baiskeli. Hakuinua hata kichwa kwenye sahani.

"Kamati gani isiyokula?" akasema.

"Una ushahidi?"

"Ushahidi ni ukuta."

"Basi kesho nenda kaseme."

"Mimi? Mimi nina kazi."

Nikaona nimeolewa na mwanaume jasiri wa mezani.

Asubuhi nilimpeleka Chiriku mwenyewe. Niliweka kiganja ukutani. Ulikuwa wa baridi na majimaji. Chini ya dirisha plasta ilikuwa imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Niligonga kwa kidole, ukalia kama debe tupu.

"Usiguse, mama," mwalimu akaniambia. "Kamati imesema pasiguswe."

Pasiguswe, lakini watoto wakae hapo. Nilimshika mwanangu mkono nikarudi naye nje, tukaenda moja kwa moja kwa kinyozi.

Alikuwa na mteja, kichwa nusu kimenyolewa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Leo nimnyoe mtoto?"

"Leo nimekuja kuuliza habari za ukuta."

Mashine ya kunyolea ikanyamaza. "Na wewe umetumwa na wanaosema nimekula?"

"Nimetumwa na huyu anayekaa chini yake."

Alimtazama Chiriku, akakaa kwenye kiti cha wateja wanaosubiri.

"Mama, nakuapia, sijala hata kijiko kimoja cha simenti. Najua ukuta umevimba. Lakini nikiubomoa leo, mtaa mzima utasema, 'Mnaona? Walikula, sasa wanaficha.' Ndiyo maana nimesema usiguswe kwanza, mpaka maneno yapoe."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mwizi ningemwelewa. Huyu hakuwa mwizi. Alikuwa mtu mwema anayeogopa kusemwa, na watoto wetu walikuwa wanakaa chini ya ile hofu yake.

"Fundi alipomaliza, nani aliukagua?" nikamuuliza.

"Fundi mwenyewe alisema uko sawa."

"Mwanafunzi amejisahihishia mtihani?"

Mteja akacheka, kisha akasema, "Mzee, mjibu huyu mama, lakini nimalizie na kichwa. Siwezi kutoka hivi."

"Watoto wahame leo," nikasema.

"Watu watasema, mama."

"Wacha waseme. Maneno hayapasui kichwa. Jiwe linapasua."

Aliweka mashine chini. Kisha akachukua simu, akampigia mtaalamu wa majengo ya kale wa halmashauri. Nilibaki pale mpaka nikasikia amesema "njoo".

Watoto walihamia kwenye banda la mume wangu. Alilalamika kwamba sasa atatengeneza baiskeli huku anaimbiwa herufi. Lakini ndiye aliyefagia na kuondoa misumari.

Mtaalamu alikuwa mama mmoja mwenye buti zenye vumbi. Alitaka wakazi wote tuwepo. Mkutano ukafanyika nje, mbele ya ukumbi. Nilishangaa kusikia kwamba kamati hukutana kila mwezi na mlango huwa wazi kwa kila mtu. Wengi wetu tulidhani ni vikao vya wenye suti.

"Mlango uko wazi," kinyozi alisema, "ila viti ndivyo vinavyotuhudhuria."

Kisha tuliingia ndani, mtaalamu akatuambia tukae mbali na ukuta. Aligonga pale palipovimba kwa nyundo ndogo. Kipande kikubwa cha plasta kikaanguka, kikatua juu ya benchi la Chiriku wangu na kulivunja mguu. Nilimshika mwanangu mpaka akasema namuumiza.

Nyuma ya plasta mawe yalikuwa yamelowa. Chokaa ya kale katikati yake ilikuwa laini kama unga uliomwagiwa maji.

Fundi cherehani akauliza, "Simenti imo?"

"Imo, dada. Na ni nyingi. Hiyo ndiyo shida."

"Sikuelewi."

"Ukuta wa chokaa unapumua. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unatokea nje polepole, unakauka. Ukiufunika kwa simenti ngumu, ni kama kumvalisha mtu koti la plastiki juani. Jasho halina pa kutokea. Linabaki ndani na kulainisha chokaa. Mimi kwenye mpango niliagiza plasta ya chokaa. Nani alibadilisha?"

Kinyozi akasimama. "Ni sisi kamati. Wakazi walisema chokaa ni mambo ya kizamani, tena inachelewa kukauka. Walitaka ukumbi ung'ae kama duka jipya. Tukawasikiliza."

Ilikuwa kweli. Na aliyepaza sauti zaidi siku zile ni jirani yangu wa cherehani. Sasa alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Kuwasikiliza watu ni vizuri," mtaalamu akasema. "Kubadilisha mpango bila kuniita ndiko kulikoharibu. Fedha za mfuko huu zina masharti. Jengo la kale hutengenezwa kwa vitu vinavyokubaliana nalo."

Kisha akatueleza kazi ya kamati. Kwanza, kuwauliza wakazi ni kitu gani kihifadhiwe na kwa nini. Pili, kufuata mpango uliokubaliwa, na ukitaka kubadilishwa, kumrudia mtaalamu na kurudi mkutanoni. Na kila hatua ya kazi ikaguliwe kabla fundi hajalipwa na kabla ya kuanza hatua nyingine. "Kutunza fedha peke yake hakutoshi," alisema. "Fedha zinaweza kutumika zote kwa uaminifu na jengo likafa."

Mume wangu akaniinamia sikioni. "Kumbe hawakula."

"Ungeenda kuuliza ungejua," nikamjibu.

Kazi ya kurekebisha ilitugharimu. Madawati mapya tuliyoahidiwa hatukuyapata. Fedha zake zilienda kubandua simenti na kupiga plasta ya chokaa. Wengine walinuna, lakini hakuna aliyebisha baada ya kuona lile benchi.

Tulichagua pia wazazi wawili wa kutembea na mtaalamu kila anapokagua. Walinitaja mimi. Nikasema mimi nimeishia shule ya msingi.

"Una macho, na una mtoto humo ndani," mtaalamu akasema. "Ukiona usichoelewa, uliza. Nitakueleza mpaka uelewe."

Basi nikauliza. Niliuliza mpaka fundi mwashi akaniita Mama Kwa Nini. Tulingoja ukuta ukauke kabla ya plasta, ingawa watu walituharakisha. Kila hatua ilipokamilika, kinyozi alibandika mlangoni karatasi yenye maandishi makubwa: kazi gani imefanyika, nani ameifanya, nani ameikagua. Fundi cherehani siku hizi husoma karatasi kwanza, ndipo aseme. Kusema hajaacha.

Mvua kubwa zilipokuja nilikwenda ukumbini kila asubuhi kupapasa ukuta. Ulikuwa mkavu. Watoto walirudi, na mume wangu akakiri kwamba banda limekuwa kimya mno.

Nimeandika haya kwa sababu mtaa wenu nao una jengo, kisima au bustani ya kale, na labda mmepewa fedha za kuvihifadhi. Sitaki mzazi mwingine akumbuke sauti ya lile benchi. Epukeni haya:

Msiichague kamati kisha mkaiacha na viti vitupu.

Msibadilishe mpango wa mtaalamu kwa sababu kitu kingine kinang'aa zaidi.

Fundi asijikague mwenyewe, hata kama ni ndugu yenu, hata kama ni hodari.

Msilipe hatua ambayo haijakaguliwa.

Msifunike ufa au uvimbe kwa rangi ili mgeni asiuone.

Mkiona hatari, msingoje kikao. Toeni watoto kwanza.

Mwanakamati, usifiche kosa kwa kuogopa kusemwa.

Na sisi wakazi, tusiulize "nani amekula?" kabla ya kuuliza "nani amekagua?"